Kitambaa Kilichochaguliwa Jioni

Fundi wa nguo ana mitaji miwili, cherehani na macho, na cherehani inaweza kukodiwa. Kevina alilijua hilo tangu Masaka alikofundishwa kazi, lakini kulijua jambo na kulifuata ni safari mbili, na watu wengi hufika ya kwanza wakapumzika.

Mtaa wote wa Mangateen, mjini Juba, ulimwita Mama Daphine, kwa jina la binti yake aliyebaki Uganda katika shule ya bweni. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, cherehani ya kukanyaga, na chumba cha kulala nyuma yake kilichotengwa kwa pazia. Kazi ya pazia ilikuwa kumwambia kwamba siku imekwisha. Wateja waliliheshimu. Simu haikuliheshimu.

Kila jioni Fortunate, mwuza vitambaa wa Kikuubo kule Kampala, alifunga duka lake, akavua viatu na kuanza kutuma picha. Mafundi wa Juba, Arua, Gulu na Yei walikaa wakizingoja, maana sheria ya Fortunate ilikuwa moja: anayejibu kwanza ndiye mwenye jora. Hivyo Kevina alijilaza, akazima taa ili asimalize sola, akaishika simu karibu na pua, na kutazama vitambaa vikipita mpaka shingo ikakakamaa. Fortunate akishamaliza vitambaa, kidole kiliendelea chenyewe kwenye harusi za watu asiowajua.

Macho yakaanza kuwasha kama yaliyosuguliwa pilipili. Juba ina madaktari wengi wasio na cheti, na wote walipita kibandani. Muuza mboga alisema ni upungufu wa karoti. Muuza dawa alimpa matone. Chupa iliisha, kuwasha hakukuisha. Mchungaji alimwombea hadi macho yakatiririka machozi, jambo ambalo mchungaji alilihesabu kuwa matokeo. Usingizi nao ulimjia kama mgeni mwenye shughuli kwingine: unafika mlangoni, unaona mwanga, unapita. Asubuhi Kevina alikaa kwenye cherehani na kichwa kizito kama debe la maji. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Juba Na Bari alipewa shati lenye mikono miwili ya kushoto. Alilipokea kwa upole wa mtu aliyezoea kusahihisha, lakini kitambaa chake cha suruali alikipeleka kwa fundi mwingine.

Hapo Kevina akaogopa. Shati ni shati, lakini fundi asiyeona hana pa kukaa Juba. Atapanda basi la Nimule, mpakani, na cherehani mapajani, aende akamweleze Daphine kwamba shule imekwisha.

Aliyemsaidia hakuja kusaidia. Alikuwa Bona, fundi wa simu wa kibanda cha pili, kijana aliyelelewa Eldoret na kurudi Juba, nyumbani ambako, kabla ya kurudi, hakuwahi kufika. Alikuja jua likizama kuchukua suruali yake, akamkuta Kevina gizani, uso wake mweupe kwa mwanga wa simu.

"Aki mathe, hii si simu. Hii ni taa ya lori."

"Acha maneno. Mimi iko naona vizuri hivi."

"Unaona vizuri mchana, nje kwa jua. Sasa ni jioni na bado umeweka mwangaza wa saa sita. Na taa ya nyumba iko wapi?"

"Nimezima. Sola inaisha."

"Ati umezima? Kwa hivyo uko gizani na hii kitu usoni? Manze, hata sungura akimulikwa na lori anakimbia. Wewe unakaa unaangalia."

Kevina alimwambia achukue suruali yake aende. Bona alichukua simu badala ya suruali. Alishusha mwangaza mpaka Kevina akadai simu imekufa. Bona akamwambia angoje, macho yana haya, yatafunguka polepole. Yakafunguka. Akakuza herufi ili asiwe anakunja uso kama anayesoma hukumu. Akamwagiza awashe ile taa ndogo ya sola na kuiweka nyuma yake, simu isibaki peke yake kung'aa chumbani, na aishike umbali wa mkono ulionyooka, akikumbuka kupepesa macho.

"Nikisahau kupepesa?"

"Ndiyo maana yanawasha. Ukiangalia simu unakodoa tu kama samaki."

Mwisho akagusa kitu kimoja na kioo kizima kikawa cha manjano.

"Bona! Umeharibu. Simu imepata homa ya manjano."

"Zii, hiyo ndiyo dawa. Ule mwanga mweupe una bluu ndani yake, unaambia akili jua bado liko juu. Sasa akili ikidhani ni mchana, italalaje?"

"Akili yangu haidanganywi na simu."

"Ya kila mtu inadanganywa, mathe. Hata ya mapasta. Nimeiweka itakuwa inageuka manjano yenyewe jua likizama, asubuhi inarudi. Utazoea mpaka usahau. Na ukitaka kulala, iweke pale juu ya sanduku. Isiwe kitandani. Simu si mume."

"Hata mume hakuwa anawaka hivi," Kevina alisema, na ndipo akampa suruali yake.

Ungetegemea hadithi iseme kwamba alipuuza. Hakupuuza, alikuwa amechoka mno kuwa mbishi. Alifuata yote, pamoja na sanduku. Usingizi haukuja siku ile wala iliyofuata, kwa kuwa usingizi uliofukuzwa hauna haraka ya kurudi. Lakini ulirudi. Macho yakaacha kuwasha, mishono ikanyooka, na yule mwalimu wa Juba Na Bari, aliyepita kwa mambo mengine, aliona koti lililotundikwa mlangoni na kuuliza ni la nani. Kevina akaanza kuwahubiria majirani habari ya mwanga wa jioni kama mtu aliyeokoka juzi. Ule umanjano wenyewe aliuzoea hadi akasahau upo, kama Bona alivyosema. Kuta za chumba jioni zilikuwa za rangi hiyo, mkono wake ulikuwa wa rangi hiyo, dunia ya jioni ilikuwa hivyo.

Ndipo akaja Mzee Arop.

Arop alikuwa Mdinka aliyekaa ukimbizini Adjumani mpaka Kiswahili chake kikawa cha wanajeshi wa Uganda, kifupi na chenye amri. Mtoto wa ndugu yake, Majur, alikuwa anaoa. Kwao kijana ana dume lake la ng'ombe, na sifa zake na nyimbo zake hufuata rangi ya dume hilo. Dume la Majur lilikuwa Mayen. Arop alitaka wanawake wote wa upande wao waende ukweni wamevaa rangi ya Mayen, wote, tangu bibi hadi msichana wa kubeba mikeka.

"Mayen ni rangi gani, mzee? Kahawia?"

Arop alimtazama kama aliyemsikia akitukana kanisani. "Kahawia ni ya kahawa. Hii ni Mayen."

"Kama mchanga?"

"Mchanga gani? Mchanga unatembea? Mchanga unaimbiwa?"

Mke wake, Priscilla, aliyekuja naye ili aongee na watu, akaona afadhali fundi apelekwe kwa ng'ombe. Wakaenda wanawake wawili mchana kwenye boma la jamaa yao upande wa Bilpam, lilikofungwa dume. Kevina alibeba mfuko wa nyuzi. Akalikaribia dume kwa adabu na kuweka kijiti kimoja cha uzi ubavuni pake, kisha kingine, akirudi nyuma na kukunja jicho. Dume lilisimama na uso wa mteja asiyeamini vipimo.

"Unampima koti?" Priscilla aliuliza, akicheka.

"Namtafuta rangi. Mdomo unadanganya, uzi haudanganyi."

Uzi wa saba ulizama kwenye manyoya usionekane. Ilikuwa rangi ya andazi lililotolewa kwenye mafuta mapema kidogo. Kevina akaufunga peke yake katika leso, akarudi nyumbani na amani ya mtu aliyefanya kazi inavyotakiwa. Na kwa haki, hadi hapo alikuwa ameifanya.

Jioni Fortunate akaanza kutuma picha. Kevina alikuwa amewasha taa ndogo nyuma yake, simu umbali wa mkono, herufi kubwa, kila kitu kwa mujibu wa Bona. Ikaja picha ya kitambaa cha pamba, majora mengi yamepangwa ukutani. Akauweka uzi kando ya kioo. Zikafanana kama mama na mtoto. Akauliza rangi yake inaitwaje, Fortunate akajibu kwa sauti iliyojaa ugali, "Hiyo ni kremu, nnyabo. Kremu safi." Kwa Fortunate kila kisichokuwa cheusi wala chekundu kilikuwa kremu, kwa hiyo jibu halikuwa uongo wala msaada. Fundi wa Arua alikuwa ameanza kuandika. Kevina akamtangulia: nachukua yote. Kisha akaiweka simu juu ya sanduku na kulala fofofo.

Mzigo ulipita Nimule na kufika ukiwa na vumbi la nchi mbili. Priscilla alikuja na dada zake kuufungua. Kevina akakata kamba, akafunua nailoni, akavuta kitambaa nje kwenye jua.

Kilikuwa cheupe. Hakikuelekea weupe, wala hakikuwa na weupe wa kudhaniwa. Kilikuwa cheupe kama maziwa.

Dada mmoja akasema neno moja: "Mabior."

"Ni nini?" Kevina aliuliza.

"Ni dume jeupe," Priscilla alisema. "Na unajua nani ana dume jeupe? Kuach, mjomba wa bibi harusi. Ndiye msemaji wao. Ng'ombe wake Mabior anaimbwa hadi Bor." Akakaa kwenye benchi. "Tutaingia kwao tumevaa ng'ombe wao. Kuach atasimama aseme, kumbe ninyi ndio mmekuja kuolewa. Na watu watacheka mpaka wajukuu wetu wasikie. Mama Daphine, harusi ni Jumamosi. Arop akiona hii, hutashona tena hata leso ya mtu wa kwetu."

Na watu wa kwao walikuwa nusu ya wateja wake.

Kevina alikwenda kwa Bona akiwa ameshika simu kama anayeshika panya mkiani. "Umenimaliza! Angalia picha. Angalia!"

Bona aliangalia. Ilikuwa mchana, na picha ile ile ya Fortunate ilikuwa nyeupe. Akagusa kioo, ikawa rangi ya andazi. Akagusa tena, ikawa nyeupe.

"Ulichagua jioni?"

"Yeye anatuma jioni!"

"Mathe, nilikwambia ni ya kulala. Sikukwambia ni ya kuchagulia nguo."

"Hukuniambia ni siyo ya kuchagulia!"

Bona alifikiri. "Hiyo ni kweli," alisema, na kwa fundi wa simu maneno hayo ni kama fidia.

Kevina alijaribu kila njia iliyonyooka kwanza. Fortunate alisema kitambaa kilichovuka mpaka hakirudi, kama vile aliyekufa. Katika soko zima la Konyokonyo kulikuwa na kitambaa kinachokaribia Mayen katika duka moja tu, nacho kilikuwa cha nailoni na kinang'aa. Dume la Majur halikuwa linang'aa. Aliporudi alimkuta Mzee Arop kibandani, amekaa kwenye kiti cha wateja, kitambaa cheupe mapajani.

Kevina alikuwa ametunga njiani maneno matatu ya uongo, yote mazuri. Alipomwona yakamtoka kichwani. Akamweleza kweli yote: macho, usingizi, simu ya manjano, uzi.

Arop alisikiliza hadi mwisho. "Wewe ulichagua ng'ombe jioni?"

"Nguo, mzee."

"Ng'ombe. Baba yangu alisema ng'ombe ya mahari haiangaliwi jua likishuka. Jioni watu wanakuonyesha yenye jicho moja, na wewe unashukuru." Akakikunja kitambaa. "Baba hakusema habari ya simu. Hakuwa na simu. Sasa fanya kitu. Kama hakuna, mimi nitasema ukweli kwa watu wangu, na wewe utajua kama kuna kazi tena au mafi, hakuna."

Kevina alivuta uzi mmoja kwenye pindo la kile kitambaa, akauwasha kiberiti. Uliungua taratibu ukanuka karatasi, na majivu yakawa laini. Pamba tupu. Nailoni ingeyeyuka na kuwa shanga. Pamba ni mwanamke mwenye moyo laini: hukubali kila anachomwagiwa, na huwezi kukitoa tena.

"Mama," alimwambia Priscilla, "sufuria za harusi ziko wapi? Na majani ya chai mmenunua?"

Walipika chai siku nzima ya kesho yake nyuma ya kibanda, kali hivi kwamba hakuna mgeni ambaye angepewa, na chumvi ndani yake ili rangi ikamate. Dada za Priscilla walikoroga kwa miiko ya asida, ugali wao. Wapita njia waliuliza ni msiba wa nani. Kevina alitumbukiza kwanza vipande vidogo, kimoja kimoja, akavianika.

Arop alikuja na hakimu wake mwenyewe. Alilivuta dume kutoka upande wa Bilpam kwa kamba, likavuka barabara bila kuangalia pikipiki, akalisimamisha kando ya kamba ya nguo. Bona alifunga kibanda chake ili asikose.

"Hii?" Kevina aliinua kipande cha kwanza.

"Ndama. Bado ananyonya."

"Hii?"

"Hii amelala kwenye majivu."

"Na hii, mzee? Hii ni yeye kabisa."

"Hiyo ina maji. Mimi siangalii ng'ombe kwenye mvua. Ngoja ikauke."

Wakangoja ikakauka, na ilipokauka ilikuwa imefifia, kwa hiyo mzee alikuwa sahihi na kila mtu akaudhika. Jua lilipoanza kuinama Arop akalifungua dume akasema hataki kuona rangi yoyote tena mpaka kesho asubuhi. Kesho yake, kipande kilichopitishwa katika chai mara mbili kiliwekwa ubavuni mwa dume, na Arop akarudi nyuma, akakunja jicho kama Kevina alivyofanya na uzi.

"Yala," alisema. "Chovya."

Majora yote yakachovywa. Hayakutoka sawa, mengine yalikuwa na mawingu, na karibu na pindo rangi ilizidi. Kevina alilalamika. Arop alimwuliza kama ameshawahi kuona ng'ombe aliyepakwa rangi sawasawa, na kama amemwona, ni wa nani, ili asimnunue. Kevina akakanyaga cherehani tangu alfajiri hadi jua kuzama, siku baada ya siku, na giza likiingia aliacha, hata pale Priscilla alipomsihi aendelee kidogo kwa taa.

"Kwa taa nitawashonea nyinyi mikono ya kushoto," alisema. "Nendeni. Nitaamka mapema."

Jumamosi wanawake wa Majur waliingia ukweni kwa mstari, wote Mayen, wakipiga vigelegele. Kuach alisimama kuwapokea, akawatazama kwa muda mrefu, akanusa hewa.

"Dume lenu zuri," alisema. "Linakunywa nini?"

"Chai," Priscilla alimjibu. "Kwetu hata ng'ombe wanakaribishwa."

Kicheko kikaenda upande wao, na katika mazungumzo ya mahari kicheko cha kwanza kina uzito wake.

Priscilla alirudi Mangateen baada ya wiki moja. Kulikuwa na ubatizo, magauni mengi. Lakini alitaka kwanza jambo moja. "Toa ule ugonjwa kwenye simu yako. Sitaki tena kupika chai."

Kevina alikuwa anapinda suruali. Hakuinua kichwa. "Sitoi, mama."

"Kwa nini?"

"Nikitoa, silali. Nisipolala, mtoto wenu atabatizwa na gauni yenye shimo moja la mkono. Nitachagua mchana, hapa mlangoni, na wewe ukiwepo. Jioni mimi iko nalala tu."

"Na yule wako wa Kampala? Si anatuma jioni?"

"Atume."

Priscilla alilitafakari jibu hilo, akalikuta si zuri wala baya, akaacha vipimo vya watoto.

Jioni ileile Fortunate alituma lesi yenye maua madogo, na sauti yake ikafuata: ni jora la mwisho, nnyabo, wa Arua ameshaanza kuandika. Kevina alilitazama lile jora la manjano kwa muda. Huenda lilikuwa jeupe. Huenda lilikuwa la bluu; siku hizi alikuwa tayari kuamini lolote. Akabonyeza kitufe cha kurekodi. "Nitaona kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi?" Fortunate alirudisha. "Unalala na kuku?"

Hakupata jibu, kwa kuwa simu ilikuwa tayari juu ya sanduku.

Asubuhi Kevina aliifungua picha mlangoni, kwenye jua. Ilikuwa lesi nyeupe kweli, nzuri kuliko zote alizoziona mwaka huo, na chini yake fundi wa Arua alikuwa ameandika kwamba amechukua. Kevina akafyonya. Kisha akavaa viatu aende Konyokonyo, ambako lesi ilikuwa ghali zaidi na angeweza kuishika kwa mkono.